Saa Ngapi, na Wapi: Utangulizi wa Utunzaji wa Saa katika Kanzidata

Chukua mstari mmoja kutoka kanzidata ya utafiti wa mbu. Una namba ya nyumba, jina la kijiji, aina ya mbu, idadi yao, kisha saa: 02:30. Mtu wa Namawala au Lupiro, vijiji vya bonde la Kilombero nchini Tanzania, akiuona mstari huo ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kuuamini. Je, ni saa mbili na nusu usiku, watu wakiwa bado wanakula nje, au ni saa nane na nusu, kijiji kizima kimelala? Je, ni saa ya Tanzania, au seva iliigeuza kuwa ya nchi nyingine kabla ya kuihifadhi? Na tarehe iliyo kando yake, ni ya siku ambayo kazi ya usiku ule ilianza au ya asubuhi iliyofuata? Fani inayotambulishwa hapa ndiyo inayohakikisha kwamba maswali hayo yana majibu, leo na miaka thelathini ijayo, mbele ya msomaji ambaye hakuwepo usiku ule.

Nakukaribisha katika fani hii, wewe karani wa data unayepokea vishikwambi vikitoka vijijini, wewe mwanafunzi unayejifunza kuandika maulizo ya kanzidata, na wewe mtafiti unayeletewa jedwali lililokwisha kusafishwa na kuambiwa kwamba saa zote ziko sawa. Huhitaji kuwa fundi wa kompyuta. Unahitaji kukubali jambo moja ambalo nitalitetea katika kurasa hizi zote: saa isiyotajwa mahali pake ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki isipoandikwa siku ile ile, kuja kuipata baadaye ni kubahatisha.

Huenda ukauliza kwa nini somo hili lianzie Ifakara, mji wa bonde hilo hilo, katika nchi ambayo haisogezi saa. Wazungu na Wamarekani, miongoni mwa wengine, husogeza saa mbele majira yao ya joto yanapokaribia na kuirudisha yanapokwisha. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu, ile ambayo mitambo huiita UTC, na tumetulia hapo mwaka mzima. Sababu iko juani. Ifakara ipo nyuzi 8 hivi kusini mwa ikweta, na machweo yake ya mapema kabisa, mwezi Mei, yanapishana na yale ya kuchelewa kabisa, mwezi Februari, kwa dakika 40 tu hivi. Hakuna mwanga wa jioni wa kuokoa. Huko Basel, Uswisi, machweo ya Juni na yale ya Desemba yanapishana kwa saa kadhaa, na wenyeji wameona inafaa kuihamisha saa ili waufuate mwanga.

Nimeitaja Basel kwa makusudi. Utafiti wa afya wa Ifakara ulizaliwa kutokana na uhusiano na mji huo: Rudolf Geigy, mwanazuolojia aliyeongoza Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki, ndiye aliyeanzisha maabara ndogo ya utafiti hapa katika miaka ya 1950. Maabara ile ikakua, ikawa mikononi mwa Watanzania, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mwaka 1996 ilianza kuhesabu watu katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, na tangu hapo wadodosaji wamekuwa wakirudi nyumba kwa nyumba, awali kila baada ya miezi 4, kuandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Bonde hili basi lina kitu ambacho miji mingi mikubwa haina: kumbukumbu za maisha ya watu wa kawaida zilizofuatana kwa karibu miaka 30. Kumbukumbu hizo zinasomwa Ifakara, Dar es Salaam, Basel, London na kwingineko, kwenye mitambo ambayo kila mmoja una wazo lake kuhusu saa ngapi ni saa ngapi. Data inayosafiri hivyo inakutana na kila saa inayosogezwa duniani, hata kama yenyewe imetoka mahali ambapo saa haisogei.

Lakini kabla hatujafika Ulaya, tuanze na tatizo letu wenyewe, maana ndilo kubwa kuliko yote na vitabu vya kompyuta haviligusi.

Ukusanyaji wa mbu wa usiku mzima katika bonde hili kwa kawaida huanza saa 12 jioni na kwisha saa 12 asubuhi, na mbu wa kila saa wanawekwa kwenye kikombe chao. Fomu ina safu kumi na mbili. Kijana aliyekaa macho usiku kucha anahesabu saa kama sote tunavyohesabu, kuanzia machweo: saa 1 usiku, saa 2, saa 3, hadi saa 11 alfajiri. Akiandika «2», anamaanisha 20:00. Fomu ikifika kwa karani aliyezoea saa za kishikwambi, «2» inaweza kuwa 02:00. Ikifika kwenye programu iliyotengenezwa ng'ambo, yenye kugawa siku nusu mbili kwa mtindo wa Kiingereza, «2» inaweza hata kuwa saa 8 mchana. Hakuna programu yoyote ya kanzidata ninayoifahamu ambayo itashtuka, kwa sababu zote tatu ni saa halali.

Tazama kosa hilo linafanya nini. Mbu aliyenaswa saa 2 usiku, mama akiwa bado jikoni nje na watoto wakizungukazunguka, anahamishiwa saa 8 usiku, wakati watu wote wako ndani ya chandarua. Kwa mtafiti wa malaria hiyo ni tofauti kati ya mbu ambaye chandarua kinamzuia na mbu ambaye chandarua hakimhusu kabisa. Mwaka 2011 Tanya Russell, Nicodem Govella na wenzao walichapisha katika jarida la Malaria Journal matokeo ya bonde hili hili yaliyoonyesha kwamba, kadiri matumizi ya vyandarua vyenye dawa yalivyopanuka, sehemu ya kuumwa inayotokea nje ya nyumba iliongezeka. Hoja ya namna hiyo inasimama juu ya mambo mawili tu, mahali mbu alipouma na saa aliyouma. Ukiivuruga saa, hoja nzima inaanguka, na pamoja nayo uamuzi wa wapi fedha za kinga zipelekwe.

Kanuni ya kugeuza ni nyepesi: saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18, saa 6 usiku ni 00, saa 7 hadi saa 11 za kuelekea alfajiri, toa 6. Mtoto wa darasa la tano anaiweza. Ugumu uko kwenye kujua ni lini igeuzwe na nani aigeuze. Msimamo wangu ni huu: usimlazimishe mkusanyaji aliyechoka, saa 10 alfajiri, akiwa na tochi mdomoni, ageuze hesabu kichwani. Mwache aandike saa kama anavyoisema, pamoja na neno la sehemu ya siku, yaani asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri. Ihifadhi kauli yake kama ilivyo kwenye safu yake, bila kuigusa milele. Kisha kanzidata yenyewe igeuze na kuweka saa ya kimataifa kwenye safu ya pili. Siku ikigundulika kwamba ugeuzaji ulikosewa, ushahidi wa kwanza bado upo. Wanaofuta kauli ya asili baada ya kuigeuza wanajinyima njia ya kurudi.

Suala la tarehe nalo ni letu. Tunasema usiku wa kuamkia Jumanne, na kila mtu anaelewa. Juu ya fomu ya mbu, hata hivyo, kuna nafasi moja tu ya tarehe, na mkusanyaji ameijaza alipoanza kazi Jumatatu jioni. Mbu wa saa 8 usiku ni wa Jumanne kwa kalenda ya mashine, ila kwa fomu ni wa Jumatatu. Ukiunganisha tarehe ya fomu na saa ya mbu bila kufikiri, nusu ya pili ya usiku inarudi nyuma siku nzima, na mbu wa alfajiri wanaonekana wamenaswa kabla ya wale wa magharibi. Suluhisho ni kuzitenganisha. Safu moja iseme huu ni usiku wa ukusanyaji wa tarehe fulani, na nyingine iseme tukio lenyewe lilitokea lini hasa. Ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina matumizi yake.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Programu kubwa za kanzidata, kama PostgreSQL na MySQL, zina namna mbili za kuhifadhi saa, na anayeanza lazima azijue kabla ya kitu kingine chochote. Namna ya kwanza huandika saa kama ilivyosomwa ukutani, bila kusema ukuta wa wapi. Ya pili huitafsiri kuwa nukta moja katika mwendo wa wakati wa dunia nzima, kwa kupitia UTC, kisha humwonyesha kila msomaji kwa saa ya mahali alipo. Katika PostgreSQL namna hii ya pili inaitwa timestamptz, na wengi hudanganyika na jina lake wakadhani inatunza ukanda wa saa. Haitunzi. Inautumia ukanda kufanya hesabu wakati wa kupokea, inahifadhi nukta, kisha inautupa. Ukitaka kujua baadaye kwamba tukio lilitokea Ifakara na si Lusaka, ni lazima uweke safu yako mwenyewe ya mahali. Katika MySQL, DATETIME ni ile saa ya ukutani na TIMESTAMP ni ile ya nukta. Hii ya pili ina mwisho wake: haiwezi kuandika chochote kinachopita tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Anayepanga leo kufuatilia afya ya watoto wachanga wa Kilombero hadi wawe watu wazima atafika tarehe hiyo akiwa bado kazini.

Matokeo ya kuchanganya namna hizi mbili yanaweza kuwa machungu. Usiku wa manane wa UTC unaangukia saa 9 usiku kwetu. Kwa hiyo kila jambo linalotokea Ifakara kati ya saa 6 usiku na saa 9 usiku, likikatwa tarehe kwa UTC, linakuwa la jana. Fikiria mtoto amezaliwa saa 7 usiku kuamkia tarehe 10, akafariki saa 8 na nusu usiku ule ule. Kuzaliwa kwake kumeandikwa kwenye jedwali linalotunza saa ya ukutani: tarehe 10, 01:00. Kufa kwake kumetoka kwenye fomu nyingine inayopeleka UTC: tarehe 9, 23:30. Kanzidata sasa inasema mtoto alikufa saa moja na nusu kabla ya kuzaliwa. Programu ya kusafisha data, ikiwa imeandikwa kwa haraka, itauona mstari huo kuwa kosa na kuutoa. Hivyo mtoto anayetoka kwenye hesabu ni yule yule aliyekufa ndani ya siku yake ya kwanza, kundi ambalo utafiti wa vifo vya watoto wachanga unalitafuta kuliko lolote. Sijui sababu nyingine iliyo nzito kuliko hii ya kumfanya mtu ajifunze fani yetu.

Si kila kitu kinahitaji ukanda wa saa, na hapa pia wanafunzi hodari hukosea kwa bidii nyingi. Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi ya kliniki ni tarehe tu. Ukiipa saa, mashine itaiwekea 00:00 ya Tanzania, na mtu akiifungua Uingereza atasoma siku iliyotangulia. Tarehe isiyo na saa ihifadhiwe kama tarehe isiyo na saa, basi.

Turudi kwenye mstari wetu wa 02:30, tuupeleke Basel. Uswisi imekuwa ikisogeza saa kila mwaka tangu 1981. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa 8 usiku ya huko ikifika, saa inaruka hadi 03:00. Jumapili ya mwisho ya Oktoba inarudi. Ndiyo maana Ifakara iko saa mbili mbele ya Basel katika baridi yao na saa moja tu katika joto lao. Sasa chukua usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 2024. Mkusanyaji wa Lupiro ananasa mbu saa 8 na nusu usiku, inaandikwa 02:30, na data inapakiwa kwenye kanzidata ambayo ukanda wake umewekwa Europe/Zurich, yaani saa ya Uswisi, kwa sababu tu aliyeisimika alikuwa huko. Kwa Uswisi, 02:30 ya tarehe hiyo haikuwepo. Saa ilitoka 01:59 ikaingia 03:00. MySQL yenye masharti makali itaikataa TIMESTAMP hiyo na kutoa ujumbe wa kosa. PostgreSQL haitakataa: itaipokea kimya kimya na kuionyesha kama 03:30. Mbu amesogezwa saa moja katika maonyesho, na nukta yake ya kweli imekosewa kwa saa mbili, kwa kuwa 02:30 ya Lupiro ni 23:30 ya UTC tarehe 30. Na usiku wa kuamkia 27 Oktoba mwaka ule, 02:30 ilitokea mara mbili huko Uswisi, ya kwanza na ya pili zikifanana kwa maandishi. PostgreSQL huchagua ya pili bila kukuuliza.

Kati ya hizo mbili, ninaiheshimu zaidi programu inayokataa. Kosa linalopiga kelele hurekebishwa asubuhi ile ile, lililonyamaza huchapishwa.

Mashine inajuaje kwamba Uswisi iliruka saa usiku ule? Hapa ndipo ulipo moyo wa fani. Hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kukuambia, kwa kuwa saa ni jambo la sheria na siasa. Lazima mtu aandike orodha: nchi gani, kuanzia lini, ilikuwa mbele au nyuma ya UTC kwa kiasi gani. Orodha hiyo ipo, na karibu kila simu na seva duniani inaitumia. Ilianzishwa katika miaka ya 1980 na Arthur David Olson, mfanyakazi wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na kwa miaka mingi ilihifadhiwa kwenye kompyuta ya taasisi ya utafiti wa saratani. Napenda sana kwamba ilizaliwa katika nyumba ya utafiti wa afya. Tangu Oktoba 2011 iko chini ya uangalizi wa IANA, chombo kinachoratibu majina na namba za intaneti, na mratibu wake ni Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Ilihamia huko katikati ya msukosuko: kampuni moja ya programu za unajimu iliwafungulia Olson na Eggert kesi ikidai haki ya kumiliki habari za saa za zamani, na kwa siku kadhaa orodha ikazimwa. Kesi iliondolewa Februari 2012. Nadhani ni vema kila mwanafunzi ajue kwamba msingi wa saa za dunia nzima ulibebwa na watu wachache wa kujitolea, na ungeweza kupotea.

Katika orodha hiyo kila mahali pana jina la bara na mji. Letu ni Africa/Dar_es_Salaam. Ndilo jina la kuandika kwenye mipangilio ya kanzidata yako, badala ya namba tupu ya +3 au kifupisho cha herufi tatu. Namba haijui sheria ikibadilika, na vifupisho vinagongana: IST ni India, Israeli na Ayalandi kwa mpigo. Jihadhari hasa na majina ya aina ya Etc/GMT-3. Kwa desturi ya zamani ya mifumo ya Unix alama zake zimegeuzwa, kwa hiyo Etc/GMT-3 ndiyo iliyo mbele kwa saa tatu, na anayeweka Etc/GMT+3 kwa nia njema anaipeleka Ifakara katikati ya Bahari ya Atlantiki.

Ukifungua faili lenyewe utakuta jambo la kushangaza: Dar es Salaam haina data yake. Ni kiungo tu kinachoelekeza Africa/Nairobi, sawa na Kampala, Addis Ababa, Mogadishu, Djibouti, Antananarivo na Komoro. Sababu ni kwamba waratibu huahidi usahihi kuanzia 1970 tu, na tangu mwaka huo miji hiyo yote imekwenda kwa saa ile ile. Historia ya kabla ya hapo imewekwa kwenye faili la pembeni ambalo programu nyingi hazilipakii. Humo Dar es Salaam inaonyeshwa ikifuata jua lake hadi 1931, kisha saa 3 mbele hadi 1948, kisha saa 2 na dakika 45 hadi 1961, halafu saa 3 tena. Iulize PostgreSQL isiyopakia faili hilo kuhusu Dar es Salaam ya 1955, itakujibu kwa historia ya Nairobi, dakika 15 tofauti na faili la pembeni. Na historia hiyo ya Nairobi nayo imewahi kusahihishwa, hivyo matoleo mawili ya faili moja yanaweza kutofautiana kuhusu mwaka ule ule. Kwa mtu wa mbu haidhuru. Kwa anayeingiza kwenye kanzidata madaftari ya zamani ya hospitali au ya hali ya hewa, ni lazima aandike alitumia toleo gani.

Matoleo hayo hupewa jina la mwaka na herufi: 2021a, 2023c, na kadhalika. Kazi ya utunzaji inayotajwa katika jina la utangulizi huu ni hasa ya kuyafuatilia. Mfano wa karibu nasi ni Sudan Kusini. Ilikuwa nasi kwenye saa 3 mbele, kisha tarehe 1 Februari 2021 ikarudi kwenye saa 2. Toleo la 2021a lenye badiliko hilo lilitoka wiki moja hivi kabla. Mgonjwa wa Juba aliyepewa mwezi Desemba miadi ya Februari, saa 3 asubuhi, alihifadhiwa kwenye mfumo kama 06:00 ya UTC. Sheria ilipobadilika, 06:00 hiyo ikawa saa 2 asubuhi ya Juba. Mgonjwa atafika saa 3 kama alivyoambiwa, na mfumo utasema amechelewa. Hapo pana kanuni ambayo ningependa uishike kuliko zote: jambo lililokwisha kutokea lihifadhi kama nukta ya UTC pamoja na jina la mahali; jambo litakalotokea lihifadhi kama saa ya ukutani pamoja na jina la mahali, kwa kuwa hakuna ajuaye serikali itaamua nini kesho.

Wala Juba si peke yake. Misri iliacha kusogeza saa 2015, mwaka uliofuata ikatangaza kuirudisha ikaghairi siku chache kabla, kisha ikairudisha kweli Aprili 2023. Mwezi Machi 2023 Lebanoni ilitangaza kuahirisha badiliko la saa kwa ajili ya Ramadhani, siku tatu tu kabla ya siku yenyewe. Nchi ikagawanyika, wengine wakafuata na wengine wakakataa, na serikali ikatengua uamuzi wake siku nne baadaye. Waratibu wakatoa 2023b tarehe 23 na 2023c tarehe 28.

Kutoa toleo jipya hakutoshi, maana halijifikishi lenyewe kwenye seva yako. PostgreSQL huja na nakala yake, au hutumia ile ya mfumo endeshi, kutegemea ilivyotengenezwa. MySQL haina kitu mpaka uyajaze majedwali yake ya kanda kwa amri ya mysql_tzinfo_to_sql, na ukisahau kuirudia, yanabaki na hali ya siku ya kwanza. Lugha ya programu ya Java ina nakala yake. Kishikwambi kina yake. Hivyo kompyuta moja inaweza kubeba nakala tatu au nne za saa za dunia zisizokubaliana, na hakuna hata moja itakayokuambia. Seva zisizo na intaneti ya uhakika, kama zilivyo nyingi kwenye vituo vya afya vya vijijini, ndizo hubaki nyuma zaidi.

Anayedhani haya ni ya nchi za mbali na apande treni ya TAZARA inayokatiza bonde letu, Mang'ula, Ifakara, Mlimba, na kuendelea hadi Zambia. Ukitoka Tunduma ukaingia Nakonde saa inarudi nyuma kwa saa moja. Treni ikiondoka upande wetu saa 4 kamili asubuhi na kufika upande wa pili baada ya dakika 20, daftari la ukutani litasema imefika saa 3 na dakika 20, kabla haijaondoka. Mifumo ya forodha, ya mizigo na ya chanjo mipakani hukutana na mstari huo kila siku.

Kabla hujaendelea na masomo, nakuomba ufanye kazi moja leo. Fungua kanzidata unayoitunza na uiulize iko ukanda gani: kwenye PostgreSQL andika SHOW timezone, kwenye MySQL andika SELECT @@global.time_zone. Uangalie na toleo la orodha ya saa lililomo kwenye seva hiyo. Andika majibu, pamoja na tarehe ya leo na jina la mtu atakayeyaangalia tena mwakani, kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo ya data yako. Kama ukurasa huo haupo, uanzishe.